Chupa Zisizokauka

Mtafiti alikuwa amemsaka bakteria yule kila palipo na unyevu: mdomo wa bomba, tundu la sinki, maji ya mashine za kupumulia, hata vikombe vya maziwa. Alipitisha pamba yake, akaotesha sampuli maabara, na kila sahani ikamwoteshea kitu, maana hospitali haikosi vimelea kama soko lisivyokosa nzi. Lakini aliyemtaka hakuwamo. Aliyemtaka alikuwa mmoja, sugu kwa karibu kila dawa iliyokuwapo, na alikwisha kuua watoto watano katika wodi ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Muuguzi mkuu wa wodi hiyo alikuwa dada yake, wa baba mmoja mama mmoja. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea. Wauguzi walimwita Mama Sabuni, naye alijua wala hakuchukia. Kwake hapakuwa na kugusa mtoto kabla ya kunawa. Siku moja alimrudisha daktari bingwa mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Na kulikuwa na jambo jingine alilojivunia. Wodi nyingine zilikaa siku nzima bila sabuni stoo ilipochelewa. Kwake chupa hazikukauka. Kila moja ilipofika nusu, iliongezwa sabuni. Stoo ikichelewa, iliongezwa maji, ikatikiswa, kazi ikaendelea.

Mwisho mtafiti akapima mikono. Majibu yalipotoka, alidhani amechanganya sahani, akarudia. Yakatoka yaleyale. Daktari bingwa, ambaye wauguzi walimtania kuwa ananawa kama paka anayeogopa maji, alikuwa na mikono isiyo na bakteria yule. Walionawa sana ndio waliokuwa naye, na walikuwa naye zaidi baada ya kunawa kuliko kabla.

Hapo ndipo alipodondoshea sahani sabuni yenyewe. Asubuhi ilikuwa imefunikwa na utando mzito kama malai ya maziwa. Sabuni ya galoni lililokuwa bado limefungwa stoo haikuotesha chochote. Kwa hiyo bakteria aliishi chupani. Sabuni iliyozimuliwa kwa maji haimuui. Na chupa isiyomalizwa, isiyooshwa wala kukaushwa, ni nyumba inayoletewa chakula kila siku.

Mkurugenzi wa hospitali alimsikiliza, akamshauri aandike kwamba sabuni ilikuwa mbovu, yaishe. Mtafiti alimjibu kwamba sabuni ilikuwa nzima. Wakiandika hivyo, hospitali itabadili sabuni, na chupa zitaendelea kujazwa vilevile. Mkurugenzi akasema aandike atakavyo, ila wazazi wasiambiwe lolote.

Alimkuta dada yake katika chumba cha wauguzi, amevua viatu, amenyoosha miguu juu ya kiti.

"Profesa," dada alisema, "na sura hiyo? Umefiwa au umefumaniwa?"

Mtafiti alifunga mlango, akaeleza kama alivyozoea kueleza, tangu sampuli ya kwanza hadi ya mwisho. Dada hakumkatiza. Alishusha miguu, akavaa viatu, akafunga kamba taratibu.

"Mikono ya nani?"

"Ya wengi."

"Sikukuuliza wengi, mdogo wangu."

"Yako ilikuwa naye kuliko yote. Unanawa kuliko wote."

Dada aliitazama mikono yake, kisha akaiweka magotini kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akauliza kuhusu yule binti aliyefariki juzi, aliyezaliwa hajatimiza siku zake, ambaye alimlisha kwa mpira mwenyewe kwa sababu wengine waliogopa udogo wake.

"Vipimo haviwezi kusema ni mkono upi," mtafiti alisema. Hilo lilikuwa kweli, na alishukuru kuwa lilikuwa kweli.

"Lakini bakteria ni huyohuyo."

"Ni huyohuyo."

Nje mtu alikokota kitoroli chenye gurudumu bovu, sauti ikafifia ukumbini.

"Ungenidanganya mara moja tu ungepungukiwa nini?"

"Ungejaza chupa kesho."

Dada alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Akaomba kuiona ripoti. Aliisoma kama alivyokuwa akisoma chati za wagonjwa, kidole kikifuata mstari, kikasimama mahali pamoja. Palikuwa pameandikwa kwamba ilikuwa desturi ya wauguzi kuongeza sabuni katika chupa zisizooshwa.

"Wauguzi gani? Niliagiza mimi. Andika hivyo."

Mtafiti alifuta, akaandika kwamba muuguzi mkuu ndiye aliyeagiza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kalamu ilikuwa nzito kidogo, basi.

Kisha dada akasema mama wa yule binti bado yuko ghorofani, wodi ya wazazi, mshono wake haujapona. Jana yake mama huyo alikuwa amemshukuru kwa kumtunza mwanawe. Mtafiti alimweleza agizo la mkurugenzi, kwamba wazazi wasiambiwe.

"Mkurugenzi hakushukuriwa," dada alisema.

Mtafiti aliinuka amsindikize. Dada akamwambia akae, kwa sauti ileile aliyomwambia nayo akae utotoni, homa ilipompanda. Akakaa. Alimsikia akiwaagiza wauguzi waondoe chupa zote wodini. Kisha akasikia nyayo zake kwenye ngazi. Zilipanda, zikasimama, zikakaa zimesimama kwa muda, halafu zikaendelea kupanda.