Vilio Pajani pa Monjia

Saa nne asubuhi Monjia alikuwa akimenya chungwa ofisini, ghorofa ya tatu, mjini Sfax, kilio cha kwanza kilipopenya dari kikamwangukia pajani. Kilikuwa na ukubwa wa yai, cha moto, kimeandikwa: kitanda cha nane, hewa imeingia kwenye mrija wa damu. Akapiga simu hospitali, wodini. Muuguzi akaizima mashine. Monjia akamaliza chungwa lake.

Programu ya mashine zile za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo aliiandika yeye, na aliiandika vizuri: mashine ikiona hatari irushe kilio, na mbele yake pawe na mkono wa kukidaka na kupiga king'ora. Lakini maandishi ya mtu hayaingii kwenye mashine hivi hivi. Hupitia kwa mkalimani, naye ni programu vilevile. Akienda polepole, mkalimani yule hufasiri kila neno. Akiambiwa afanye haraka, huikata mikono ya kudaka, akiiona haina kazi. Na pale ofisini, kama ilivyo desturi yao, walijaribu tafsiri ya polepole, hospitali wakapeleka ile ya haraka.

Basi vilio vikirushwa, vikikosa wa kuvidaka, humrudia aliyeviandika. Mwingine akikalia kiti chake, vinamkwepa.

"Si Lamjed, tufasiri upya, polepole," alimwambia bosi wake, kwani "Si" kwao ni Bwana.

"Mashine zijikokote kama punda mgonjwa? Waandikie waliomtengeneza huyo mkalimani."

Aliwaandikia. Wakajibu: kwetu tatizo hilo halitokei.

"Sasa unalia nini, binti? Si unadaka?" alisema Si Lamjed.

Mama yake mdogo, Dalenda, alilala kitanda cha nne kila Alhamisi. "Usiende kujipodoa huko," alimtania kwenye simu. "Roho yangu iko pajani pako."

Alhamisi moja vilianguka viwili kwa mpigo. Kimoja kilitua, kimoja kikabingirika chini ya kabati, naye hakukiona. Alisoma alichonacho, akapiga simu, kitanda cha tisa kikapona. Alipoinama kuokota kalamu akakikuta cha pili: kitanda cha nne. Kilikuwa kimeshapoa.

Msibani Si Lamjed alikula kuskusi, akampa mkono.

"Pole sana, binti. Lakini mia mbili umedaka, kimekuponyoka kimoja. Nimewaambia watu wa hospitali ya Gabes, nao wamenunua."

"Ya haraka?"

"Ya haraka."

Jumatatu Monjia alirudi kazini. Akalisukuma kabati hadi ukutani, akakaa, akatanua magoti.