Mzabibu Uliokosa Usingizi

Baridi ya Julai ikifika Waithaka, pembezoni mwa Nairobi, haibishi hodi. Ukungu unakaa juu ya mabati hadi saa nne, na nguo zilizoanikwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi zikiwa bado na ubichi. Waithera alikuwa ameizoea kwa miaka sabini na moja. Alivaa sweta mbili, akafunga kitambaa kichwani, akachukua magunia matatu na kwenda kuufunika mzabibu wake.

Mzabibu ulikuwa kwenye pembe ya jikoni. Aliupata miaka minne iliyopita ukiwa kijiti cha urefu wa penseli, kimeviringishwa kwa gazeti lililoloweshwa maji. Aliyemletea ni mpangaji wake, Zadock Oyoo, anayetunza bustani ya mzee mmoja kule Spring Valley. Mzee huyo alitoka nchi ya baridi, na mti wake pia. Zadock alimweleza kwamba ni aina ngumu, isiyoogopa baridi, na huiva mapema kwa sababu kwao jua ni la miezi michache tu.

Alilolishika Waithera katika hayo yote ni kwamba mti umetoka mbali. Na kwake, mgeni aliyetoka mbali huketishwa karibu na moto. Basi kila Juni aliulisha samadi, kila jioni akaumwagilia maji, na baridi ilipozidi akauvisha magunia, na juu ya magunia blanketi kuukuu la marehemu mumewe, Mbuthia. Mti ulinawiri. Majani yake yalikuwa mapana kama sahani, kijani kibichi mwaka mzima. Zabibu, hata moja.

"Shosho, huu mti unavaa kuliko mimi," alisema Peres, mke wa Zadock, akipita na beseni la nguo. "Mimi blanketi yangu imetoboka."

"Wewe una mzee wa kukupa joto. Huu una nani?"

Jumamosi hiyo Wachira, mwanawe wa pekee, alikuja kumwona. Anafanya kazi ya ofisi Hurlingham na anakaa huko huko, kwenye nyumba ya ghorofa. Alileta sukari, mkate na futi ya kupimia. Alinywa chai, akatoka nje, akapima pembe ya jikoni mara mbili.

"Mami, nimepata tanki. Lita elfu tano. Maji ya mfereji yanakuja mara mbili kwa wiki na wewe bado unabeba mitungi. Sitaki kukuona na mtungi tena."

"Mungu akubariki, mwanangu. Litakaa wapi?"

Wachira aliutazama mzabibu. "Maji ya paa yote yanashukia hapa. Fundi Mwangangi atakuja tarehe moja Desemba."

Waithera alishika tawi moja, kama mtu anayeshika mkono wa mtoto barabarani. "Na mti wangu?"

"Mti gani, Mami? Huu ni ua wa majani tu. Miaka minne!" Kisha akaona uso wa mama yake, na sauti ikapungua. "Sawa. Ukizaa kabla ya huyo fundi kufika, nile zabibu hapa kwa mkono wangu, tanki litatafutiwa mahali pengine. Usipozaa, tunang'oa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Jioni Waithera alimsimulia Peres, akijaribu kucheka. Zadock alikuwa hapo mferejini akiosha buti zake za mpira. Peres aligeuka akamtazama mumewe.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Yale unaniambia mimi kila Julai. Miaka mitatu nasikia mahubiri ya zabibu nyumbani kwangu. Mimi nimeshaelewa. Mwenye mti ndiye hajui."

Zadock alisugua buti ambalo lilikuwa safi tayari. "Mama, mimi ni mpangaji wako. Na wewe ulishika jembe kabla sijazaliwa. Ningeanzaje kukwambia unakosea kwa shamba yako mwenyewe?"

"Anza sasa."

"Huu mti hausikii baridi, Mama. Una usingizi. Kwao baridi ikija unamwaga majani yote, unalala miezi. Ukiamka ndio unatoa maua. Hapa kwetu hakuna theluji ya kuulaza, lazima mtu aulaze. Bosi wangu ndiye alinifundisha. Sasa wewe unaulisha, unaunywesha, unaufunika. Miaka yote hiyo haujalala hata siku moja. Mtu asiyelala atazaa nini?"

"Watoto wanne," alisema Peres. "Niulize mimi."

Walicheka wote watatu. Lakini Waithera alipomaliza kucheka aliitafuta hasira moyoni, akaikosa. Aliwaza juu ya Zadock, aliyepita mbele ya kosa la mwenye nyumba kila asubuhi, akasalimia kwa adabu, akaenda kazini.

"Zadock, yale magunia niliyokuwa nayakuta chini asubuhi..."

"Upepo, Mama."

"Upepo ulikuwa unayakunja vizuri sana."

Zadock aliinama akavaa buti likiwa na maji ndani.

Wiki tatu mti haukupewa maji wala samadi. Blanketi la Mbuthia lilifuliwa, likarudishwa kabatini. Jumapili ya mwisho ya Julai, baada ya kanisa, Zadock alileta mkasi wake wa kazi, wakaanza kwa kuchuma majani yote kwa mkono, moja moja. Ukungu ulikuwa umewashukia, vidole vinauma. Kila jani lilitoka likiwa bichi na zima, na Waithera aliona kama anamvua mtu nguo kwenye baridi. Mara mbili alisimama, akaenda jikoni kuangalia sufuria isiyokuwa na kitu.

Kisha ikafika zamu ya matawi. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya chai ya Limuru, na mkono wake ulitaka kukata yote sawasawa kama meza.

"La, la, Mama, hii si chai. Zabibu inatoka kwa tawi la mwaka jana. Kila tawi hesabu macho manane, ndio ukate."

Macho yenyewe yalikuwa vinundu vidogo kwenye tawi, vimefumba. Alihesabu kwa ukucha. Walipomaliza, ule ua wa kijani ulikuwa umebaki nyaya chache za kahawia kwenye ukuta.

"Tumeuua," alisema Waithera.

"Tumeulaza."

Agosti ilikuwa ngumu. Jua lilikawia. Kila jioni mguu ulimpeleka pembe ya jikoni na jagi mkononi, na kila jioni aligeuka akaimwagilia mboga ya sukuma wiki, ambayo mwaka huo ilistawi kupita kiasi. Peres, bila kuulizwa, alianza kuja saa hiyo hiyo na chupa yake ya chai, wakae wazungumze mpaka saa ya maji ipite. Hakusema kwa nini anakuja. Waithera alijua.

Tarehe ishirini, asubuhi, jicho moja lilikuwa limefunguka. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo kama kichwa cha kiberiti, chenye manyoya ya rangi ya waridi. Waithera alienda moja kwa moja kwa akina Zadock, akagonga mlango kwa kiganja.

"Limeamka!"

Zadock alikuja na mswaki mdomoni. Alilitazama, akatema povu kando kwa heshima. "Mbaya ni kwamba limechelewa. Hii aina inataka siku mia moja hadi kuiva. Nyingine zinataka mia na hamsini, hizo hatungezingoja."

Walihesabu kwenye kalenda ya kanisa. Ishirini na nane Novemba. Fundi ni tarehe moja Desemba.

"Siku tatu," alisema Waithera.

"Zinatosha, kama mvua itatuonea huruma."

Septemba ilileta maua madogo yasiyoonekana vizuri, yenye harufu tamu. Maua yakawa vichala saba. Oktoba mvua ilianza, na Zadock akatandaza nailoni juu ya vichala ili maji yasipasue matunda. Ndege wenye mikia mirefu walipoanza kufanya mikutano kwenye waya wa umeme, Peres alileta pazia lake la neti la sebuleni, akalining'iniza. Dirisha lake likabaki wazi. "Nani anachungulia kwetu?" alisema. "Hatuna hata televisheni kubwa."

Katikati ya Novemba punje zilianza kugeuka, kwanza zambarau, kisha nyeusi zenye ukungu mweupe juu. Waithera aliacha kwenda mbali na nyumbani.

Halafu, tarehe ishirini na moja, Wachira akafika na Mwangangi na tanki likiwa juu ya pikapu.

"Mami, samahani. Fundi amepata kazi Machakos mwezi wote wa Desemba. Ni leo au Januari, na mvua itakuwa imekwisha." Aliona vichala, akasimama. "Ai! Umezaa kweli?"

Waithera alizishika zabibu zake. Zilikuwa nyeusi, nzuri, na Wachira hajui zabibu. Angemchumia kichala kizima, amwambie ale, na mapatano yao yangetimia. Lakini Zadock alikuwa amemwambia kwamba rangi hutangulia, sukari hufuata nyuma polepole, na kichala kikishakatwa hakiivi tena.

Alichuma punje moja tu, akampa. Wachira akatafuna. Jicho lake la kushoto likajifunga lenyewe.

"Kali hivyo?" aliuliza Mwangangi.

"Bado wiki moja," alisema Waithera. "Sitakudanganya, mwanangu. Hazijaiva. Tulisema kabla fundi hajafika, na fundi ndiye huyu."

Wachira alisogeza pazia la Peres. Aliiangalia ile nailoni, kamba zilizofungwa kwa uangalifu, na mahali kwenye ukuta ambapo mama yake alikuwa ameandika kwa makaa tarehe ishirini na nane.

"Nani amefanya haya yote?"

"Majirani."

Wachira alimgeukia fundi. "Lazima liwe hapa?"

Mwangangi alirudi nyuma hatua tano, akatazama paa huku amefunga jicho moja. "Mfereji wa paa ukigeuzwa mteremko, maji yanashukia ule upande wa choo. Ni kazi ya nusu siku. Hamkuniuliza, mimi nikafuata vipimo mlivyonipa."

"Karibu miezi mitano namtisha mama yangu," alisema Wachira polepole, "na ni kazi ya nusu siku."

"Hukunitisha," alisema Waithera. "Uliniletea maji. Shusheni tanki, nipike."

Mwangangi alimaliza jioni, akabeba mafungu mawili makubwa ya sukuma wiki.

Tarehe ishirini na nane Wachira alikuja bila kuitwa, asubuhi, hata chai haijachemka. Waithera alikata kichala cha kwanza akampa Zadock, na Zadock akakishika kwa mikono miwili. Cha pili kikagawanywa kwenye sahani. Zilikuwa punje ndogo zenye ngozi ngumu, na utamu wake ulikaa nyuma ya ulimi.

Wachira alikuwa anatema mbegu kwenye kiganja, akizifunga ndani ya kitambaa cha mfukoni.

"Za nini?" aliuliza Zadock.

"Nipande. Nina baraza kule ghorofani, inapata jua la asubuhi."

"Mbegu haitatoa zabibu kama hizi. Ngoja Julai, tukiulaza tena, nikukatie kijiti."

"Na nitakifanya nini kikianza kusikia baridi?"

"Utakiacha kilale," alisema mama yake, akaenda nyuma ya nyumba kumtafutia debe lenye matundu.