Mpira Ulionasa Mtini

Nurudini, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi wa kupindukia. Ukimwambia leo Kasulu kuna baridi, anavua koti. Siku aliyofungua balo la midoli ya mtumba dukani kwake akakuta mfuko wa nailoni umejaa vipande vya picha, kila kimoja kikubwa cha kujaa kiganja, hakuvitoa kuuza kama vitu vingine. Alikuja navyo nyumbani, akavimwaga juu ya ubao wa plaiwudi, akamwita mkewe.

"Tunu, njoo tuunge hii, tuone ni kitu gani." Boksi halikuwepo, wala karatasi ya kuonyesha picha yenyewe ikoje.

Ikawa ndiyo kazi yao kila jioni wakishafunga duka. Wakatokea wazee wa Kizungu, wanaume kwa wanawake, wamevaa nyeupe tupu kuanzia kofia hadi viatu, wamesimama kwenye uwanja wa majani yaliyokatwa yakalingana kama zulia. Chini kuna mipira myeusi inayolingana na machungwa, na mmoja mdogo mweupe. Nyuma yao mti mkubwa, mbele bibi mmoja kainama.

Hapo ubishi ukaanza. Tunu alisema mipira hiyo inabingirishwa: unausukuma ule mweusi taratibu, uende ukakae karibu na ule mweupe. Nurudini akasema thubutu, inarushwa.

"Watu wazima wote hao wapige nguo pasi, wavae, watoke nyumbani kuja kubingirisha? Wanarusha hao!"

Jioni moja akashika kipande cha kijani chenye mpira katikati, akakipeleka juu, kwenye mti. Kikagoma kuingia. Akakipiga ngumi, kikaingia.

"Unaona? Umenasa mtini. Ndiyo maana bibi yule kainama, anautafuta."

"Bwana wewe! Hayo si majani ya chini?"

"Ya mti."

Wakawekeana dau: picha ikiisha, atakayeshindwa atachambua maharage ya nyumba nzima mpaka Ramadhani. Picha haikuisha. Nurudini alikwenda na pikipiki mnadani Makere, mvua ikamkuta njiani kwenye utelezi, akarudishwa maiti.

Tunu akavaa nyeupe, akakaa eda. Duka likashikwa na mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, Muha wa hapo hapo Kasulu, mama asiyependa maneno mengi, na machache anayosema nusu yake ni kufoka. Ubao wa picha ulisukumwa uvunguni siku ya msiba, watu walipohitaji nafasi ya kutandika mikeka. Hakuna aliyeuulizia tena.

Kutoka Pangani, kaka yake Tunu, Saady, alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. "Eda ikiisha nakuja kukuchukua. Mtoto huna, mume ndiyo hivyo tena. Unabaki huko na nani?"

Tunu akigeuza maneno, akimuuliza habari za nyumbani. Pangani alitoka msichana. Mambo yake yote ya ukubwani ameyajulia hapa, na kifo cha mumewe kimemkuta hapa. Alikuwa anataka neno moja tu kutoka kwa Bi Mwanahawa: kaa. Alingoja alisikie asubuhi mama akimletea uji, akalingoja jioni mama akirudi dukani. Badala yake mama alimwambia, "Nenda kwenu, wewe bado kijana. Mimi nilikuwepo kabla hujaja." Tunu akaona anafukuzwa, na ilimuuma kweli kweli.

Eda ilipokaribia kuisha, Saady akapiga simu yuko stendi ya Pangani, tiketi mkononi. Tunu akaanza kupanga nguo. Alipoinama kuvuta begi uvunguni, mkono ukagusa ubao. Akauvuta. Picha ilikuwa na vumbi, lakini ilikuwa vile vile walivyoiacha, na vipande vilivyobaki vimo kwenye mfuko. Akasema moyoni, siondoki nikaacha kitu nusu nusu. Akakaa chini, mvua inapiga bati, akaanza kuunga.

Bi Mwanahawa aliporudi kutoka dukani alisimama mlangoni akatazama.

"Yewe! Hawa nao wako eda? Mbona wanacheza?"

"Hawako eda, Mama. Ndiyo nguo zao za mchezo."

"Na wanaume nao nyeupe! Haya." Akaenda zake jikoni.

Mwisho ikabaki nafasi moja na kipande kimoja. Nafasi ilikuwa chini, kwenye majani, mbele ya yule bibi aliyeinama. Kipande kilichobaki mkononi kilikuwa na majani ya mti na tawi na ndege. Hata mtoto angejua. Tunu akaruka kwa furaha, akafungua mdomo kuita, "Nurudini! Njoo uone!" Na jina likamtoka kweli, kwa sauti.

Akalia. Makaburini mwanamke haendi, na siku ya maziko machozi yalimgoma. Leo yalikuja yenyewe. Alikuwa ameshinda, na wa kumwambia hayupo.

Bi Mwanahawa akaja kutoka jikoni na ungo wa maharage mkononi. "Kuna nini? Unamwita nani?"

"Tazama, Mama." Tunu akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Tundu liko chini, kipande kilichobaki ni cha mtini. Mwanao alikosea. Mipira inabingirishwa."

Mama akatua ungo, akavaa miwani, akainama. Alitazama sana.

"Hakukosea."

"Mama!"

"Umenasa mtini. Kama inabingirishwa, huyu bibi anatafuta nini?"

"Hatafuti! Ndiyo kwanza kaubingirisha!"

"Uko wapi basi? Mimi mbele yake naona tundu."

"Mama jamani! Mpira wenyewe si ndio huo uliopachikwa mtini!"

"Ehee. Umesema mwenyewe uko mtini."

Tunu hasira zikampanda, zile zile za jioni zile, na katikati ya hasira akajikuta anacheka huku machozi hayajakauka. Akapenyeza ukucha chini ya kipande. "Ngoja nikibandue nikuonyeshe."

Mama akamshika mkono. "Usikiguse." Sauti haikuwa ya kufoka. "Kakiweka mwanangu."

Tunu akautoa mkono. Wakakaa wawili wanaitazama picha, mpira juu, tundu chini.

"Kaka yako anafika lini?" mama akauliza.

"Kesho kutwa."

"Mpikie ale. Alale, apumzike, safari ni ndefu." Akauvuta ungo, akaanza kutoa mawe kwenye maharage bila kuinua macho. "Halafu mwambie utaondoka siku nitakayokubali kwamba mipira inabingirishwa."

Tunu akamtazama. Mama alikuwa anatupa maharage, mawe anayaacha ungoni.

"Na utakubali lini, Mama?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyemzaa yule. Sikubali ng'o." Akausukuma ungo ukawa katikati yao. "Sogea huku, tuchambue."