Fungu Lisilogawanyika

Siku ya kugawana mavuno, Rosa Niyomwungere alifagia uwanja wake pale Kagerankanda, akatandika turubai, akamwaga maharage yote katikati. Uraia wa Tanzania familia yao, iliyotoka Burundi, ilishapata, ardhi bado. Kwa hiyo alilima shamba la Mzee Benedicto, na kila msimu waligawana nusu kwa nusu. Nusu yake ndiyo chakula chake na cha binti yake, Aline, na humo humo ndimo ilimotoka mbegu.

Mzee akaja na baiskeli na gunia tupu. Rosa akainama, akampigia makofi ya salamu.

Wakaanza. Bakuli huku, bakuli kule. Walipomaliza, mafungu mawili yalisogeleana polepole juu ya turubai, yakawa moja. Wakagawa upya. Yakarudiana.

"Rosa, shamba langu umelitia nini?"

"Samadi ya mbuzi, mzee. Ile ile ya mwaka jana."

Akaitwa Mwalimu Majaliwa, mtu wa Tanga, akaja na darasa la sita zima. Wakahesabu mpaka jua likashukia migombani: laki moja, elfu nne, mia saba na ishirini na tisa. Mwalimu akachora chini kwa kijiti, akagawa kwa hiki, akagawa kwa kile, mwisho akakitupa kijiti.

"Namba tasa hii. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Kwa yenyewe ndiyo vipi?" Rosa akauliza.

"Waje watu wengi kama maharage, kila mtu aondoke na punje yake."

Mzee akautazama uwanja. "Hawa hawatoshi."

"Lakini toeni punje moja tu," Mwalimu akasema. "Yatakayobaki yanakatika katikati vizuri kabisa."

"Itoke kwenye nusu yangu," Rosa akadakia.

"Nusu ipi, mama? Wewe umeiona?" Mzee akacheka kidogo. "Mwalimu kasema kwa moja. Na mwenye shamba ni mmoja."

Mwalimu akafuta hesabu zake kwa mguu. Chumba alichopanga kilikuwa cha Mzee Benedicto.

Wakajaza gunia, wakalifunga nyuma ya baiskeli. Rosa akamsindikiza mgeni, kama ilivyo desturi. Penye mawe baiskeli ikaruka, punje moja ikachomoka kwenye tundu la gunia. Hapo hapo gunia likabonyea katikati, likawa pande mbili zinazolingana. Ule wa kushoto ulikuwa wa Rosa. Aliutazama vizuri.

Mzee alihisi baiskeli imeyumba, akasimama, akageuka. Akanyoosha kiganja.

"Lete."

Rosa akaiokota ile punje, akampa kwa mikono miwili. Mzee akaisukumiza tunduni kwa kidole. Gunia likajaa tena, likawa moja.

"Msimu ujao utalima?"

"Nitalima, mzee," akasema Rosa, akainama, akampigia makofi ya kumuaga.