Picha Mbili za Hepzibah

Mpiga picha aliweka kiti cha mtoto mbele ya pazia lililochorwa bustani, na Hepzibah Crowle akasimama kando yake.

"Kidevu juu, bibie," alisema Bwana Pargeter, mwenye maonyesho ya watu wa ajabu. "Na usicheke. Majitu hayacheki."

Hepzibah alikuwa mrefu wa kawaida tu, wa kugonga kichwa kwenye mlango wa zizi. Kiti ndicho kilichomfanya jitu. Lakini picha zilipoanza kuuzwa langoni mwa maonyesho, akaongezeka kimo shibiri nzima, akalingana na picha, ikawa hakuna mnunuzi aliyedanganywa. Pargeter alimshoneshea gauni jingine, kisha akatafuta kiti kidogo zaidi kwa picha nyingine.

Kufikia Krismasi alikuwa akilala kwenye gari la farasi miguu ikiwa nje, imefunikwa magunia. Alipokwenda kwa mdogo wake, Thirza, kule Lincolnshire, alipewa chai kupitia dirisha la ghorofani.

"Pole, dada. Ungekuwa mkate ningekukata vipande nikakuingiza."

"Niingize hata kichwa."

"Kikikwama je? Tutalala na pua yako chumbani?"

Wakacheka. Kisha Thirza akafunga dirisha, maana watoto walikuwa wakikohoa. Hepzibah akaketi kwenye theluji, mgongo ukutani, akawasikiliza wakila. Hakutaka kingine duniani ila kula mle ndani.

Mwizi mmoja wa mifukoni, wa pale maonyeshoni, alikuwa amemwambia kwamba jela nako watu hupigwa picha, ila kwenye kiti cha kawaida, bila pazia wala mapambo. Basi siku ya soko Hepzibah akachukua glavu kwenye meza ya muuzaji, glavu zisizomtosha hata kidole gumba, akasimama palepale kumngoja askari.

"Unakimbia au hukimbii?" askari aliuliza.

"Sikimbii."

"Basi inama kidogo, mama, nikushike bega."

Jela walimketisha kwenye kiti cha watu wote. Waliweka kioo begani pake ili upande wa uso nao uonekane.

"Mikono kifuani," mpiga picha wa jela alisema. "Tandaza vidole. Mikono ya mwizi lazima ijulikane."

Hepzibah alikuwa amefikiria kiti tu. Akatandaza vidole. Picha ilipokauka alikuwa amerudia kimo chake, na mlinzi wa kike akamletea gauni la kumtosha.

Alipomaliza kifungo, Thirza alimfungulia mlango, naye akaingia kwa miguu yake. Aliketi mezani kati ya shemeji yake na watoto, akala pai ya moto, machozi yakimtoka. Ndipo mkono wake wa kulia ukanyooka, ukachukua kiko cha shemeji, ukakitia mfukoni.

Thirza alikitoa, akakirudisha.

"Si mimi," Hepzibah alisema. "Ni mkono."

"Najua, dada. Ndivyo walivyokupiga picha."

Siku ya pili mikono ilichukua mkasi na kiatu cha mtoto. Hakuna aliyemgombeza. Walisogeza vitu mbali naye, kisha wakamsogeza yeye mwisho wa meza, na mwishowe wakamwekea kimeza chake kwenye chumba cha nyuma, chenye kuta tupu. Pargeter bado aliuza picha za jitu langoni, na watu walinunua, safari hii wakidanganywa.

"Dada, mkate umekutosha?" Thirza aliuliza kutoka upande wa pili wa mlango.

"Umenitosha," akajibu.