Nati Iliyogoma Gongoni

Ngumbao alikuwa amepiga magoti mchangani nyuma ya tuktuk yake, spana mkononi, shati limemganda mgongoni, na asubuhi bado mbichi. Nati nyingine za gurudumu la nyuma zilikuwa zimeshatoka, amezitia ndani ya kopo. Moja ilikuwa imegoma. Nati ni kitu kidogo, unaweza kuificha mdomoni, lakini siku ikikugomea utajua hujui.

"Toka basi, shetani wewe," akaiambia.

Haikutoka.

Mkewe, Kadii, alikuwa ameketi kizingitini akipaka nyayo mafuta ya nazi. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi, kazi ya kusimama ndani ya maji makali na kukwangua kutwa nzima, na nyayo zake zilikuwa zimepasuka mipasuko isiyofunga. Kila kidonda kikitaka kupona, kesho yake chumvi inakifungua upya. Sasa kampuni ilikuwa ikitafuta tuktuk ya kuwabeba wafanyakazi kutoka barabara kuu hadi mashambani. Jana yake msimamizi, jina lake Hesbon, alimwambia Ngumbao kwamba nafasi ni yake, ila tairi la nyuma limekuwa kipara. Abadilishe, alete gari langoni kabla ya adhuhuri. Mume na mke wakakubaliana usiku ule ule kwamba kazi hiyo ikipatikana, Kadii hatii mguu tena kwenye chumvi. Leo alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi, aende akaone kwa macho yake.

"Baba Pola, hiyo nati unaibembeleza au unaifungua?" akauliza.

"Njoo uibembeleze wewe."

Jirani yao Njenga, muuza spea aliyetoka bara miaka mingi akaoa papa hapa, alikuja na tairi jipya begani. Alilitua, akaitazama nati, akacheka.

"Hii kitu inataka nguvu tu. Wewe nguvu umewacha wapi?"

"Ndiyo hiyo hapo, imeishia kwenye mpini."

Njenga akaleta kipande cha bomba la chuma, akakichomeka kwenye mpini wa spana upate urefu, kisha akapanda juu na uzito wake wote, na Njenga si mtu mwembamba. Akaruka mara moja. Akaruka tena. Spana ikachomoka, bomba likaruka upande wa kuku, Njenga akakaa chini pwaa! Ngumbao aliyekuwa ameshikilia upande wa pili akachubuka vidole vyote. Walipoitazama nati, kona zake zilikuwa zimelika, imekuwa duara kama shanga.

"Ala! Sasa mmeiharibu!" Kadii akapiga kelele. "Wanaume wawili wazima, kazi kurukaruka!"

Ngumbao alikuwa akinyonya damu kwenye vidole; spana ya kawaida sasa haikuwa na pa kushika, na jua lilikuwa linapanda.

Kadii akainuka. Akaingia jikoni akichechemea, akatoka na vitu viwili: kigae kilichojaa makaa ya vifuu vya nazi, na chupa ya pombe ya mnazi iliyolala siku nyingi ikageuka siki. Nyumba nyingi za huku hukosi chupa kama hiyo, wengine kwa ajili ya samaki, wengine kwa kusugulia sufuria. Wakafunika tairi kwa gunia lililorowa lisishike moto. Wakasogeza makaa mpaka yakaigusa nati, na Kadii akapuliza kwa lile lile bomba la Njenga, anapuliza, anakohoa, anapuliza, macho yanamtoka machozi. Makaa ya vifuu si ya mchezo, ndiyo yaliyokuwa yakitiwa kwenye pasi za zamani. Nati ilipoanza kubadilika rangi wakaimiminia ile siki. Ikachemka, ikatoa moshi wenye harufu ya kilabu cha mnazi asubuhi.

"Mungu anisamehe," Kadii akasema, "na mimi nimeokoka."

Njenga akakimbilia dukani akaleta spana ya mafundi bomba, ile yenye meno, inayong'ata hata kitu cha duara. Ngumbao akagonga nati kwa nyundo, pole pole, pande zote. Akaing'ata kwa spana ile. Akavuta. Ilitoa mlio mwembamba, kwiii.

"Imelia!" Njenga akasema. "Imelia, vuta!"

Akavuta. Ikazunguka robo, ikasimama, ikazunguka tena, kisha ikaja yote. Kadii akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Ngumbao aliketi mchangani akicheka peke yake, furaha imemjaa kama mtu aliyepata mtoto.

Walipotoa gurudumu, kicheko kikakatika. Nyuma yake chuma kilikuwa kimevimba kutu, magamba kwa magamba, na juu ya kutu ukungu mweupe.

"Si wewe ndio unaoshanga gari kila jioni?" Njenga akauliza. "Mtaa mzima unakusifu."

"Kila jioni. Sijakosa hata siku moja."

"Na maji gani?"

Ngumbao akaelekeza kidole kisimani. Njenga akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

Basi ndivyo ilivyo huku. Maji ya kisima ni ya chumvi, mtu anayaogea, anafulia, anaoshea vyombo, wala hayaonei ajabu. Maji matamu hununuliwa, ni ya kunywa na kupikia, na nani atayamwagia gurudumu? Usafi wake ndio uliomponza. Alikuwa akiinywesha tuktuk yake sumu kila jioni, kwa mapenzi.

Hapakuwa na wakati wa kujilaumu. Wakakwangua walipoweza, Njenga akaleta nati mpya kutoka dukani, wakafunga tairi jipya, na kabla ya adhuhuri Ngumbao na Kadii walikuwa langoni pa kampuni.

Hesbon alitoka ofisini na miwani ya jua. Akalipiga tairi teke.

"Tairi sawa," akasema. Kadii, nyuma, akamfinya mumewe bega. Kisha Hesbon akainama, akakwangua chini ya sakafu kwa ufunguo wake. Gamba la kutu likadondoka.

"Na hii nini?"

"Kutu kidogo, bosi. Nitapaka rangi."

"Kampuni haibebi watu kwenye chuma kilicholiwa. Ni usalama."

"Jana ulisema tairi."

"Jana sikuinama."

Ngumbao akaelekeza kidole sakafuni. "Bosi, lori lenu lilipoharibika ni mimi niliyewabebea magunia ya chumvi mbichi. Yalichuruzika humu humu. Nikaomba nisuuze kwenye mfereji wenu wa maji matamu, mkanifukuza."

"Mimi nimeajiriwa tu, Ngumbao. Usinitie maneno."

Kadii akashuka. Akavua ndara, akaweka mguu juu ya ubavu wa tuktuk, wayo ukimtazama Hesbon.

"Hiki chuma kimeliwa na chumvi, mmekikataa," akasema. "Na hii miguu? Mbona hii mnaikubali kila siku?"

Wanawake wa zamu ya mchana waliokuwa wakipita wakasimama. "Ee, mwambie!" mmoja akasema. Hesbon akavua miwani. Aliutazama mguu ule, akautazama kweli, kisha akageuza uso.

"Miguu haimo kwenye ukaguzi," akasema. "Na ruhusa yako imekwisha. Unaingia, au nimwite mwingine?"

Vibarua wengine walikuwepo, wameketi kwenye kivuli cha ukuta wakingoja kuitwa.

"Twende nyumbani, Mama Pola," Ngumbao akasema.

"Tukale nini?"

Kadii akainama, akaingiza mkono chini ya kiti cha abiria, akatoa buti zake za mpira na mifuko ya plastiki ya kuvalia ndani. Alikuwa amezibeba tangu nyumbani bila kumwambia mumewe. Akavaa, akapita langoni pamoja na wenzake, wala hakugeuka.

Ngumbao alisimama pale pale akimtazama, mpaka askari akaja akamwambia asogee, lori linataka kupita.