Mtazamaji wa Uholanzi

Kazi yangu ni kupika mbele ya simu. Asubuhi nanunua sambaza pale soko la Kituku, hapa Goma, narudi nyumbani mtaa wa Mapendo, nawasha makaa, na watu wa nchi za mbali wananitazama nikikaanga samaki wadogo. Anayedhani hiyo si kazi aje apulize makaa mabichi huku akitabasamu.

Malipo hutoka kwenye matangazo. Mtazamaji wa Goma analeta senti, wa Ulaya analeta zaidi. Kwa kuwa benki za hapa zimefungwa, pesa huingia kwenye akaunti ya binamu yangu Jeancy, anayeishi Kampala, naye hunitumia kwa simu. Takwimu za chaneli pia anazisoma yeye.

Siku moja Jeancy akanipigia kunieleza kwamba watu wananikimbia. Kila video niliianza kwa kumsalimu mume wangu, Kasereka, kwa Kinande, lugha yetu. Nilimtaja jina, nikamwambia chakula kiko tayari. Hapo hapo nusu ya watazamaji huondoka, na matangazo huondoka nao.

"Tosha ile salamu, uiondoe, Charline," akasema. "Na ile video ya kwanza uifute. Iko salamu tu."

Kasereka alivuka mpaka wa Uganda pale Bunagana miaka mitatu iliyopita kwenda kununua vitenge. Ujumbe wake wa mwisho aliutuma akiwa Kampala, akasema anajaribu kwenda mbele. Mbele wapi, hakusema. Nilianza hizi video ili popote alipo anisikie. Pesa zilikuja baadaye, na sasa ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Salamu nikaiondoa. Nilijichukia, lakini niliiondoa, maana mwenye nyumba hapokei mapenzi.

Video ya kwanza sikuifuta. Niliifungua kila jioni, kwa sababu mle ndani nilikuwa bado na uhakika kwamba atajibu. Jeancy akanisomea takwimu za video hiyo. Watazamaji walikuwa wachache mno: mimi hapa Kongo, na mtu mmoja wa Uholanzi, anayeingia Jumapili tu na kurudia salamu mara mbili, mara tatu.

Wiki mbili nilipika huku roho iko Uholanzi. Akilini nilimwona Kasereka amevaa koti zito, anasikiliza sauti yangu baada ya misa. Nilimtamani. Nikairudisha salamu, ndefu kuliko zamani, nikasema: wewe wa Uholanzi unayeirudia video ya kwanza kila Jumapili, kama ni wewe, nipigie. Jeancy akanuna, malipo yakashuka, wala sikujali.

Jumapili simu ikalia. Alikuwa Mama Kahindo, mama mkwe wangu, kutoka Butembo. Alikuwa ameisikia salamu yangu mpya, akataka kujua huyo wa Uholanzi ni nani, maana video ya kwanza yeye ndiye huitazama kila Jumapili akitoka kanisani. Nikamuuliza kama simu yake ina VPN, ile programu inayoifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Akasema jirani aliiweka wakati mitandao ilipofungwa, na hakuna aliyeitoa. Mjinga ni mimi. Wakati ule ule mimi pia niliiweka, nikaonekana niko Ujerumani, kumbe nimekaa jikoni Mapendo.

Nilikaa chini sakafuni. Yeye hakujua amenivunja. Alikuwa na furaha yake, na alikuwa ameisubiri nafasi ya kunieleza.

"Mimi naangaliaka siku ya Mungu tu, mutoto wangu," akasema. "Lakini ile hesabu ya watu walioangalia, kila mara nakutaka imepanda. Haiko mimi ninaipandisha. Ni Kasereka. Iko muzima."

Aliyeipandisha kila siku nilikuwa mimi. Neno hilo lilikuwa mdomoni, tayari kutoka. Nikamsikia anavyopumua, mama wa watu, akingoja nifurahi naye.

"Labda, mama," nikasema.

"Haiko labda," akanijibu, akaanza kulia.

Jioni ile nikaifungua video, na kesho yake pia. Nikiacha, hesabu itasimama, na Mama Kahindo ataona.